Nyama Isiyotafunwa

Mfaransa niliyekuwa nikimpikia Morogoro alirudi kwao, nami asubuhi moja nikapanda basi bila kujua nitafikia wapi. Adhuhuri nilikuwa Kariakoo, naulizia chumba.

“Unajua kazi gani?” akaniuliza mama mwenye nyumba.

“Kupika nyama Kifaransa, mama. Inaiva polepole mpaka haihitaji kutafunwa.”

“Kwani Wafaransa hawana meno?” Kisha akatazama mlango wa chumba cha ndani. “Mume wangu mgonjwa. Siku hizi anameza uji tu.”

Alikuwa na nyama ngumu aliyoipangia foleni alfajiri. Niliikaanga na vitunguu, nikatia maji ya ukwaju badala ya mvinyo, nikaifunika mpaka jioni. Mzee alimeza kipande kimoja, akageukia ukutani.

“Tandika mkeka hapo miguuni pake,” mama akasema. “Kesho utampikia tena, akiamka.”