Kigingi cha Saa ya Shule

Enzi zetu pale Makere, saa tuliisoma kwenye kivuli. Kivuli cha mlingoti wa bendera kikifika kwenye jiwe jeupe, basi ni mapumziko, na tunakimbilia mihogo ya kuchemsha na mapera tuliyoficha kwenye mifuko ya madaftari. Mawingu yakitanda hakuna ajuaye mapumziko ni lini, na mwalimu wetu wa hesabu aliyapenda sana mawingu. Watoto wa leo wana saa kwenye simu, mkononi na ukutani, na bado wanachelewa shule.

Nilipokuwa darasa la tano, mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini aliipa shule yetu saa kubwa ya ukutani, ya mbao na kioo, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Kazi ya kuitundika alipewa jirani yetu, Mzee Bukuru. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye mwenyewe alikuwa raia, na nusu ya nyumba za tofali pale kijijini alikuwa amezijenga yeye.

Darasa letu lilikuwa la tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Mzee Bukuru alituonyesha kwa kidole: ukipigilia msumari kwenye udongo, saa itashuka na udongo wake; ukiupigilia kwenye tofali, tofali inapasuka. Dawa yake ni kutoboa tofali katikati, polepole, kwa tindo, kisha kugongelea humo kigingi cha mti mkavu. Msumari unaingia kwenye kigingi. Alichonga kigingi cha mninga akamletea mama yangu, akamwomba kikae juu ya meko wiki mbili kikauke kabisa, maana kibichi husinyaa kikalegea. Mama aliniambia nisikiguse.

Nilikigusa. Wakati ule nilikuwa na wazimu wa pia, ile ya kuzungusha kwa kamba. Wavulana walinicheka kwamba pia yangu ya mti laini inalala kabla haijaamka, na kile kigingi, kigumu, chembamba upande mmoja, kilikuwa tayari na umbo la pia, kilibaki kuchongwa ncha tu. Nilikichonga nyuma ya choo. Nilipoichapa kwa kamba ya katani ilizunguka mpaka wavulana wakanyamaza, na kwa siku tatu nilikuwa malkia wa Makere. Siku ya nne nikakumbuka saa. Nikakata kijiti cha mkaratusi, kibichi kabisa, nikakichonga kikafanana, nikakipaka masizi ya sufuria na kukirudisha juu ya meko.

Mzee Bukuru alikichukua siku ya kutundika, wazazi wamekwisha kukusanyika. Akakigongelea, saa ikapanda, watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kiangazi kilipokolea, saa ilianguka katikati ya somo. Haikumjeruhi mtu, lakini kioo kilitapakaa hadi mlangoni na mashine yake haikupona. Mzee Bukuru aliitwa. Aliokota kigingi sakafuni, akakikwaruza masizi kwa ukucha, kikatokea cheupe, wala si mninga. Akanitazama. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Kosa ni langu, mwalimu," alimwambia mwalimu mkuu. "Sikukikagua."

Watu wakasema kazi ya Mrundi ndiyo hiyo. Madarasa mawili mapya, ambayo kila mtu alijua atayajenga yeye, alipewa fundi wa mjini. Jioni ya siku ile saa ilipoanguka, Mzee Bukuru alinikuta kisimani. Nilitamani anichape. Aliniambia tu, "Mwana wanje, mwanangu, ukiwa tayari utakuja kuniambia."

Sikwenda. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikaolewa Kibondo. Kila nilipokwenda kumsalimu mama nilipita kwa Mzee Bukuru na sukari kilo moja, nikamuuliza habari za mgongo wake na maharage yake shambani, naye alinisubiri nimalize, akaangalia kama kuna la zaidi. Halikuwepo. Mwaka jana alifariki. Msibani wazee walimsifu kwa kujenga nyumba zisizo na ufa, halafu mmoja akasema, ila ile saa, na watu wakacheka kwa upendo. Nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Nikacheka nao.

Wiki iliyopita binti yangu mdogo aliangusha simu yangu, kioo kikapasuka. Alinifuata jikoni akaniambia kabla sijauliza, hata hakulia. Tumezoea kuwasimanga watoto hawa kwamba hawana adabu, hawapigi goti wakiamkia, wanawajibu wakubwa wakiwa wima. Sisi tulipiga goti. Mimi nilimpigia goti Mzee Bukuru miaka yote ile, nikampa shikamoo kwa mikono miwili, na nikamwacha azikwe na kosa langu.