Paka Wangu Peke Yangu

Enzi za Mwingereza, wageni tuliokwenda Ivuna kuchemsha chumvi hatukuzoeana; kila mtu na moto wake. Mimi Mnyiha wa Nanyala nilikuwa na cha kuringia: paka asiye na mwenyewe alinichagua mimi tu. Nikamfunga kamba ya gome shingoni, kama tunavyowatia mbuzi wetu alama.

Siku moja nikamkuta anakula samaki kwa jirani yangu, Mnamwanga. Nikapiga kelele mpaka kambi nzima ikaja.

“Mwizi wa paka huyu! Mtazameni shingoni, alama yangu ile!”

Mnamwanga akapekua manyoya taratibu. “Ipi, ndugu yangu?”

Kamba zilikuwa nne. Wenye zile nyingine tatu walikuwa wamenizunguka, wanakufa kwa kicheko.

Lakini fundo langu ndilo lililokuwa zuri.