Haluli Niliyokunywa kwa Sababu ya Baba Mwikali
Mume wangu, Baba Mwikali, amepimwa na yuko salama, kwa hivyo sasa naweza kuwaambia aibu niliyopata wiki jana hospitalini.

Alikuwa akitoa damu akienda choo, na daktari alitaka kumwangalia utumbo kwa mpira wenye taa. Sista akampa mafuta ya mbarika ya kuosha tumbo. Jioni, nyumbani Matinyani, alishika kikombe, akakitazama tu bila kunywa.

"Afadhali haluli, ile chumvi ya kuharisha," akasema. "Haya mafuta yatanimaliza."

Nilijua anaogopa ugonjwa, si mafuta. "Wewe kunywa mafuta, mimi ninywe haluli," nikamwambia. "Tuone nani ataumia zaidi."

Akacheka, akanywa yote. Nami nikakoroga haluli tuliyokuwa nayo nyumbani, nikanywa, tena kikombe kikubwa.

Asubuhi yeye alikuwa amemaliza kuharisha, ametulia kwenye benchi la hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nikikimbilia choo mbele ya watu. Nikiwa natoka, nimejishika tumbo, sista akanivuta mkono kuelekea kwa daktari.

"Mama, ingia uvue nguo."

Baba Mwikali akasimama. "Sista, mgonjwa ni mimi. Huyo alikunywa ili nisiogope peke yangu."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nami nikakimbilia choo tena.