Nilifundisha usanisinuru kwa mchezo, jani likageuka mwanachama

Wakuu, binti anayeongoza darasa langu kwa sayansi hajaja shule tangu siku ya wazazi. Kosa lake ni kuigiza jani, na jani lilikuwa la kijani.

Salamu kwenu, wa bara na wa visiwani. Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe. Ya kuambiwa nimeyaacha.

Nafundisha shule ya msingi huku Wingwi, Pemba. Nilikuta darasa linajua neno "usanisinuru" kama watoto wanavyojua dua ya kulalia: linatoka lote kwa pumzi moja, na ukiuliza maana unatazamwa.

Nikaamua tulicheze.

Mmoja akawa jua, mwengine maji, mwengine hewa. Wanaingia kwa mwendo wa msewe, ngoma yetu ya huku, njuga miguuni, wanalizunguka jani. Jani likishashiba linasimama na kusema, "Bila mimi hakuna anayekula." Kisha wanakuja mbuzi wanalitafuna.

Jani nilimpa Maryam.

Darasa likaelewa. Hata wale wanaojificha nyuma ya migongo ya wenzao wakawa wanagombania kueleza. Mwalimu mkuu akapenda, akasema tuwaoneshe wazazi.

Hapa ndipo nilipojiona mjanja. Kanga ya Maryam niliiazima kwa mke wangu, na kanga zetu mnazijua, zinasema. Ile ilikuwa na maneno ya kumpasha jirani. Nikaikunja maneno yakafichika, nikaridhika kwamba hakuna atakayekwazika.

Rangi sikuiwaza.

Kwa msio wa huku: uchaguzi unanukia, na Pemba ukinukia uchaguzi, mtu huhama duka la unga kwa sababu mlango una rangi ya chama kisicho chake.

Basi Maryam akasimama na kijani chake, akatamka vizuri kama nilivyomfundisha, "Bila mimi hakuna anayekula."

Mzee mmoja akasema, "Haya, na watoto wametiwa kampeni." Nusu ya wazazi wakanyanyuka.

Waliobaki, wale ambao kijani ni chao, walikuwa wakitabasamu. Mpaka mbuzi wakaingia wakalitafuna jani. Nao wakanyanyuka.

Mzee Faki, baba yake Maryam, alimshika binti mkono akaondoka naye, na kanga ya mke wangu pia.

Nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, naye yupo.

"Badilisha rangi, yaishe," sheha akasema.

Tukatafuta rangi. Njano ina wenyewe. Nyekundu ina wenyewe. Buluu, nyeupe, zote zina wenyewe. Mwisho sheha akaguna, "Basi livae kahawia."

"Mzee, jani la kahawia limekufa. Halipiki chakula."

"Mwalimu, weye mbishi."

"Miye nafundisha sayansi, mzee."

Nikaenda kwa Mzee Faki mwenyewe. Alinikaribisha, kahawa nikapewa.

"Mzee Faki, muhogo wako una majani ya rangi gani?"

"Ya kijani. Lakini muhogo wangu haujapanda jukwaani kuniambia bila yeye sili."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Kutoka ndani, Maryam akasema, "Baba, na jua lilivaa njano, mbona hukusema?"

"Nyamaza weye." Kisha akanigeukia. "Uombe radhi mbele ya wale wale waliokuwepo. Mtoto atarudi siku hiyo hiyo."

Wakuu, radhi ya kanga nimeshaiomba, kwa mke wangu. Radhi ya jani siombi.

Nilichojifunza: ukifundisha kwa sanaa, mtazamaji naye anakuja na mchezo wake kichwani, na ndio atakaoutazama. Nilipaswa kukaa na wazazi kwanza, niwaeleze. Hilo nakubali. Lakini nikisimama kuomba radhi kwa kuwa majani ni ya kijani, nitakuwa nimelifundisha darasa zima kwamba jibu sahihi linategemea nani amekaa mbele. Somo hilo halimo kwenye muhtasari wangu, na sitaliongeza.

Wiki hii nimefundisha mzunguko wa damu kwa mchezo. Ndiyo, kwa nyekundu na buluu. Anayetaka kunyanyuka, mlango upo.

Walimu na wazazi mliomo humu, ingekuwa nyinyi mngefanyaje? Mnaosema ninamponza mtoto wa watu kwa ubishi wangu, semeni pia. Swali hilo najiuliza kila nikiita majina asubuhi.

Mtihani wa taifa umekaribia. Mzee Faki hajabadili neno lake, na mimi sijaomba radhi.