Kifuniko cha Tangi la Živojin

Ilikuwa siku ya tatu Živojin akihangaika na sakarati, na roho haitaki kutoka. Mkewe, Radojka, alikuwa ubavuni mwa kitanda, ameushika mkono wake na hauachii, kwa maana mzee alimwomba kitu kimoja tu: asife peke yake.

Kitanda walikihamishia sebuleni, mbele ya tangi la maji ya chumvi. Zrenjanin, mji wao huko Serbia, haina bahari hata ya dawa, lakini Živojin, fundi reli mstaafu, aliichanganya mwenyewe ndooni miaka kumi na tisa ili afuge pono wadogo wa rangi. Samaki wa vituko hao! Wakitishika huzama mchangani, la sivyo huruka nje wakakaukia sakafuni. Kwa hiyo kifuniko hakiguswi. Radojka alikisahau mara moja tu, akanuniwa wiki nzima. Sasa alikuwa amebaki pono mmoja.

Adhuhuri akaingia jirani, Desanka, na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, na mdomo wake.

"Mwenzangu, unamtesa mumeo! Nyumba imefungwa hivi, roho ipite wapi? Kila kitu kifunguliwe."

Radojka hakubisha, hata mama yake alipokuwa akikata roho alifunguliwa mpaka pipa la unga. Desanka akafungua madirisha, kabati, makufuli, sufuria ya supu. Živojin akazidi kukoroma.

"Na hilo je?" Desanka akalinyoshea tangi kidole.

"Hilo? Ataniua."

"Akuue na nini, maskini ya Mungu? Mtu hata kijiko hanyanyui!"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha uchovu. "Haya, fungua," Radojka akasema.

Pono akaruka papo hapo. Desanka akapiga yowe, akapanda kiti. Radojka, bila kuwaza, akauachia mkono. Akapiga magoti, akamfukuza samaki chini ya kabati, akamnasa kwa kitambaa chenye maji, akamrudisha tangini na kufunika. Hazikupita dakika mbili. Alipogeuka, hakusikia tena mkoromo.

"Umeona?" Desanka akajifanyia ishara ya msalaba. "Si nilikwambia?"

Radojka aliushika tena ule mkono, bado una joto, akajichukia kama hajawahi kumchukia mtu.

Pono yu hai hadi leo. Radojka humlisha kila asubuhi, wala hamtazami.