Mikono ya Msusi Haifichiki

Wateja humwita Mkono Mwepesi, na si kwa kujipendekeza. Kuna wasusi wakikusuka unatoka macho yamevutwa mpaka masikioni; mdogo wangu akikusuka unasinzia. Najua, maana mimi dada yake nauza rasta na mafuta ya nywele kwenye saluni hiyo hiyo, na kazi yangu ya pili ni kuwaamsha wanaokoroma.

Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunjiki. Anaposuka hukisimamisha pembeni, kama mgeni anayeshika kikombe kwa adabu. Binti yake, msichana wa darasa la tano, alikuwa akijua kwamba mama alibanwa na mlango. Haukuwa mlango. Alikuwa baba wa huyo mtoto, na siku hiyo hiyo mdogo wangu alimfunga mwanawe mgongoni akaja kwangu bila hata viatu. Kule hajarudi tena.

Mshauri wa shirika la kina mama ndiye aliyemshika mkono wakati ule. Miaka ikapita, akaja na ombi: shirika linaandaa mabango ya kuwatia moyo wanawake wanaopigwa majumbani, je, angependa habari yake itumike?

"Akisoma mmoja tu akaondoka, inatosha," mdogo wangu akasema. "Ila mwanangu asije akasikia kwa watu. Atasikia kwangu, nikipata moyo."

Wakakubaliana: jina halitatajwa, uso hautaonekana. Mpigapicha akaja akapiga mikono tu, ikiwa kazini kwenye nywele. Hapo ndipo sote tulipopitiwa. Hata mimi, mwenye mdomo kuliko redio, sikuona kasoro.

Mshauri ana desturi moja nzuri: bango halichapwi kwa wingi mpaka mwenye habari aliangalie kwanza. Basi akaleta la mfano, akalikunjua pale saluni, anatabasamu. Mteja aliyekuwapo ni mmoja tu, naye alikuwa amelala kama kawaida. Akafumbua jicho.

"He! Mkono Mwepesi, umepigwa picha! Mbona hukutuambia?"

Nililikunja lile bango upesi kabla hajafika kwenye maneno, nikamwambia ni tangazo la mafuta. Tulisahau msusi anajulikana kwa kitu gani. Mteja humpa mgongo muda wote. Uso wake anauona akiingia na akitoka, lakini mikono ile anaitazama kwenye kioo mpaka anaijua kama yake. Na bango lilikuwa litundikwe mpaka kwenye geti la shule anayosoma binti, ambaye husukwa na mikono hiyo hiyo kila Jumamosi.

Mteja alipoondoka, nilijiandaa kumpa mshauri vidonge vyake. Akaniwahi.

"Dada, kosa ni letu," akasema, akimgeukia mdogo wangu. "Picha hii haitoki. Na maneno vilevile, ukisema hapana ni hapana, hata yakiwa yameshatundikwa. Habari ni yako, si yetu."

Hasira zangu zikakosa pa kutua. Nampenda yule mshauri tangu siku hiyo.

"Maneno yaacheni," mdogo wangu akajibu. "Lakini subirini kidogo. Kuna mtu sijamwambia."

Jumamosi mtoto alikaa kwenye kigoda, katikati ya magoti ya mama yake. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yake, yaani nilikuwa nimeishika pasi tu. Mdogo wangu alisuka upande mmoja, kisha akasema. Hakusema yote. Alisema kidole kilivunjwa na nani, na kwamba siku hiyo alikimbia naye mgongoni, na kwamba yupo mshauri aliyeombwa asitundike bango la habari hiyo mpaka mtoto aambiwe kwanza. Mikono ikasimama.

Mtoto hakulia.

"Huyo mshauri anajua kila kitu?"

"Anajua."

"Na mama mkubwa?"

"Anajua pia."

"Kwa hiyo mimi ndiyo wa mwisho? Ungeniambia mimi kwanza, mama. Mimi ndiyo niliyekuwa mgongoni."

Niliiweka pasi chini.

"Wale niliwasimulia kwa sababu sikuwaogopa," mama yake akasema, huku machozi yanamtoka. "Wewe nilikuogopa, mwanangu. Nilidhani hutanitazama tena kama zamani."

Mtoto akageuka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa, mwingine nywele zimesimama zote. Akamtazama mama yake, akamtazama sana. Kisha akageuka tena akampa mgongo, akaegemeza kichwa kwenye goti lake.

"Haya, nimeshakutazama," akasema. "Bado nusu kichwa. Nisimulie na mimi, tangu mwanzo."