Kiswidi cha Mama Aganze

Cibalonza, mama Aganze, ni mkaidi, na ni ukaidi uliomfundisha Kiswidi akiwa Louisville, ambako Mswidi humpati hata wa dawa. Mdogo wake Chimène alikuwa amefia Uswidi, akaacha binti wa miaka mitano, Séphora, mikononi mwa ofisi ya ustawi wa jamii. Baba mtoto naye alishatangulia. Ofisi ikatafuta ndugu wa kumlea, ikamwahidi Cibalonza mkalimani. Akakataa. Kazi yake ni kuwasaidia wakimbizi pale mtaani Newburg, na alishaona wakalimani wanavyomeza nusu ya maneno ya watu.

Basi akajiandikisha kozi ya mtandaoni, Kiswidi cha maafisa ustawi. Akawa anasonga ugali huku akitamka "tathmini ya mahitaji" na "malezi ya muda", mumewe Byamungu akimcheka: "Bon, sasa utatuandikia ripoti juu ya mboga ya sombe?" Hakujali. Alimtaka yule mtoto kwa moyo wote. Hata kitanda alishakinunua.

Siku ya mkutano wa video, afisa, mwanamke mpole, alimuuliza kama yuko tayari kumchukua Séphora. Hapo ndipo alipojiponza. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na mama mkubwa harukii kusema nipeni kabla wenyewe hawajampa. Ni kama kujipakulia nyama ugenini. Akajibu kwa Kiswidi kisicho na doa: "Siwezi kusema mimi. Wa kuamua ni baba yake mkubwa, Bagula, aliye mji wa Buffalo." Afisa akaandika, akashukuru. Cibalonza akafunga kompyuta akijiona amefaulu mtihani.

Kisha akangoja Bagula ampigie. Bagula naye akangoja aombwe mtoto. Adabu tupu pande zote mbili, na miezi ikapita! Alipochoka kungoja akapiga yeye.

"Ofisi walinipigia zamani," Bagula akasema. "Nikawaambia siwezi, niko mwanaume peke yangu. Nilijua njo weye utamuchukua. Mtoto ni wako, mama Aganze! Nani alikukataza?"

Hakuna aliyemkataza. Akapiga Uswidi. Afisa akamweleza taratibu kwamba ndugu wote wawili waliulizwa na hakuna aliyesema anamtaka. Mtoto amepewa familia, ametulia, hatahamishwa tena. Jumapili anaruhusiwa kumpigia.

Cibalonza alilia mpaka Byamungu akaogopa. Uchungu wa kunyang'anywa una nafuu, maana unapata wa kumlaani. Yeye angemlaani nani?

Jumapili akapiga. Kiswahili cha Séphora kilishamtoka, wakaongea Kiswidi. Mtoto akauliza bila hasira, kama anayeuliza habari ya mvua: "Mama mkubwa, kwa nini hukunitaka?"

Cibalonza alilielewa kila neno. Akatafuta la kumwambia mtoto, lenye joto kidogo, hakuwa nalo, kozi haikulifundisha. Akasema kile alichojua kusema: kwamba utaratibu ulikuwa haujakamilika.

"Haya," Séphora akasema, akaenda kucheza.